Je, Ni Haki Kuuza Ng'ombe kwa Ajili ya Habari za Kale?

Liko swali lililoulizwa hapa kwetu Sigino, nasi twaona si vema kulipita kimya. Kijana mmoja alirudi nyumbani na shahada yake ya kwanza ya chuo kikuu. Watu wakafurahi, wakamtazamia apate kazi ya mshahara. Lakini yeye alimwambia baba yake ya kuwa ataka kurudi chuoni kusoma shahada ya pili, wala si ya uganga wala ya hesabu za fedha, bali ya mambo ya Afrika: historia yake, lugha zake, na habari za watu weusi waliotawanyika ng'ambo ya bahari. Mzee akauliza, "Mwanangu, niuze ng'ombe ili ukajifunze mambo ambayo babu yako aliyajua pasipo kuuza hata kuku?"

Wengi walicheka. Walakini swali la mzee si la kuchekwa, maana ng'ombe ni karo ya watoto wadogo, tena ni dawa ya mgonjwa. Basi na tulipime kwa haki.

Kwanza yatupasa kujua jinsi elimu hiyo ilivyopata nafasi vyuoni. Zamani za ukoloni habari za Waafrika zilidharauliwa, kana kwamba watu wasioandika hawana historia. Huko Marekani wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani waliona dharau iyo hiyo. Katika chuo cha serikali cha San Francisco wanafunzi waligoma tangu Novemba 1968 hata Machi 1969, wakidai pamoja na mengine kwamba mambo ya watu weusi yafundishwe kama elimu kamili. Huku kwetu chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, kikawa chuo kikuu cha taifa mwaka 1970, na walimu wake wa historia walishika kazi ya kuandika habari za nchi kwa kuwauliza wenyeji. Mmoja wao, Isaria Kimambo, aliwasikiliza wazee wa milima ya Upare, akapata shahada ya juu kabisa, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya Wapare kilipigwa chapa. Hivyo maneno ya vinywani mwa wazee yalihesabiwa kuwa ushahidi.

Tena tusiende mbali. Mwaka 2018 mgeni mmoja alipata shahada ya juu katika chuo cha SOAS, London, kwa kuandika juu ya majina katika sarufi ya Kigorowa, lugha hii hii ya wazee wetu wa Babati. Hatumlaumu, wahenga walinena, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ikiwa mtu wa mbali aliona lugha hii yastahili kazi ya miaka, twawezaje kumwambia mtoto wetu ya kuwa hamna kitu ndani yake?

Ni kweli babu aliyajua pasipo kuuza kuku. Aliyajua kwa sababu kila jioni aliketi motoni pamoja na baba yake. Watoto wetu je? Twawapeleka bweni, wakirudi twasema nao Kiswahili, na mzee akifa twamzika pamoja na yote aliyoyajua. Kuku hatukuuza, lakini jioni zile tumeziuza. Sasa kuzikomboa kuna gharama.

Hata hivyo hatumwachi kijana bila neno. Asimdanganye baba yake ya kuwa elimu hii huleta mali upesi. Na kama ng'ombe ni wa mwisho, na wadogo zake watafukuzwa shule, basi angoje, afanye kazi kwanza, asome baadaye. Kuwaheshimu wazee waliokufa kwa kuwanyima chakula ndugu walio hai si heshima.

Liko na kosa kubwa kuliko hilo. Msomi huja na daftari, huandika maneno ya wazee, hupata cheo, wala harudi tena. Mtu huyo ameazima jembe, amelima shamba lake, na jembe hakulirudisha. Wala lugha si udhuru, kwa maana katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaosomea shahada za juu za Kiswahili huandika kazi zao kwa Kiswahili. Alichopewa na wazee na akirudishe mahali wajukuu wao watakapoweza kukisoma.

Twakumbuka Yoshua alivyoagiza mawe kumi na mawili yatolewe mtoni Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawe na jibu. Mawe hayasemi yenyewe. Lazima awepo mtu ajuaye.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: ni haki kuuza ng'ombe, ikiwa nyumba haitalala na njaa, na ikiwa kijana ameahidi kurudisha alichopewa. Nasi tunaobaki tusimngoje yeye. Jioni ya leo na tumwulize mzee wetu jina la kijito, na maana yake, na nani walilima kwanza kando yake, kisha tuandike. Kwa kazi hiyo hatuna haja ya kuuza kitu.