Mmiliki wa Pili

Jirani alinikuta barazani na kikata kucha mkononi. Sikuwa nakata kucha, nilikuwa nakata mlango wa gari. Akasimama, akatazama meza, akanitazama mimi. "Unamtengenezea mjukuu?" Nikasema ndiyo. Uongo ulinitoka upesi hata mwenyewe nikashangaa, maana sina mjukuu wa umri wa kuchezea magari. Gari ni langu.

Ni Ford ya mwaka 1948, stesheni-wagoni yenye bodi ya mbao, ile ambayo Wamarekani huiita "woodie". Kila kitu kimepunguzwa mara 25, kwa hiyo gari zima lina urefu wa sentimita 20 hivi. Alinipa binti wa marehemu kaka yangu, anayeishi California, alipokuja Tanga kutusalimia. Niliwahi kumsimulia kwamba utotoni nilikuwa fundi wa magari ya waya, na kumbe hakusahau. "Baba mdogo, hili halina waya, lakini utaliweza," akasema. Kisha akaongeza sharti: nisiliunge kama lilivyo kwenye picha ya sanduku. Alitaka niligeuze liwe gari la vijana wa mawimbi, wale wanaopanda juu ya ubao na kuteleza na wimbi mpaka ufukweni.

Ndani ya sanduku vipande vya plastiki vimeshikamana na vijiti vyake kama zabibu na kichala. Unakata kimoja, unasugua kovu lake kwa msasa, unakijaribisha mahali pake, ndipo unapaka gundi. Karatasi ya maelekezo ina michoro na namba, imekamilika kabisa, ila haikwambii gari ni la nani. Sisi gari la waya tulijua ni la nani kabla halijapata matairi. Hili basi la Lushoto, lile lori la mkonge, na dereva wake ana jina, na jina hilo huwa la mtu mzima wa mtaani ambaye hajui kwamba ameajiriwa.

Basi nikaanza kumtafuta mwenye gari.

Stesheni-wagoni ziliitwa hivyo kwa sababu ya stesheni za reli. Yalikuwa magari ya kupokea abiria na masanduku yao na kuwafikisha hotelini au shambani. Baba yangu alikuwa karani wa stesheni kwenye reli ya Tanga, kwa hiyo habari hii niliipokea kama salamu kutoka kwa ndugu wa mbali. Ford walikuwa na misitu yao kule Michigan na kiwanda cha mbao mahali panapoitwa Iron Mountain. Fremu ya bodi ilichongwa kwa mti mgumu wa mepo, na mabaki ya mbao yakachomwa na kushindiliwa kuwa vidonge vya mkaa. Mkaa ule baadaye ukaitwa Kingsford, na mpaka leo Wamarekani wanauchomea nyama. Mtu aliyenunua gari hili likiwa jipya alikuwa na uwezo, maana halikuwa la bei rahisi, na tena lilimdai. Mbao za mlangoni zilitaka kusuguliwa na kupakwa vanishi upya karibu kila mwaka, la sivyo zinapauka, viungo vinaachia, na mlango unaanza kulia.

Kwa mtu wa pwani hili si jambo la kulalamikia. Jahazi likipandishwa mchangani hupakwa sifa kwa juu na deheni kwa chini, nyuzi za pamba zikasukumwa kwenye nyufa, na kesho kutwa linarudi majini. Hakuna nahodha anayelichukia jahazi kwa sababu linataka mafuta ya papa. Lakini wenye Ford walichoka. Mwaka 1949 Plymouth walitoa stesheni-wagoni ya bati tupu, watu wakaona raha yake, na ilipofika 1953 Buick ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Wamarekani kutoka kiwandani na mbao za kweli. Zilizofuata zilibandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Juu ya karatasi hiyo sina la kusema.

Yale ya zamani yakashuka bei. Hapo ndipo anapoingia mwenye gari niliyekuwa namtafuta. Ni kijana wa California wa miaka ya 1950, hana pesa, ana ubao. Ubao wa siku zile ulifika futi tisa, kumi. Wa zamani zaidi ulikuwa wa mti mzito, mtu akiubeba peke yake anafika majini amekwisha choka. Baadaye ukaja wa balsa, na mwaka 1958 Hobie Alter na mwenzake Gordon Clark wakaanza kuutengeneza kwa povu gumu la plastiki. Ukawa mwepesi, ila urefu haukupungua, na gari dogo haliwezi kumeza futi kumi. Woodie iliweza. Ubao unasukumwa kwa nyuma, ncha inachungulia nje, na usiku ukiingia kijana analala palepale ubao ulipokuwa. Vanishi? Hakuna aliyekuwa na pesa ya vanishi.

Filamu na nyimbo zilikuja baadaye, zikaligeuza gari lile alama ya ujana na jua. Leo woodie iliyotengenezwa vizuri huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Binti yetu amenionyesha picha alizopiga huko kwao: mbao zinang'aa kama samani za bwana harusi, ubao umefungwa juu kwa pambo, na mwenye gari anafuta alama za vidole vya watazamaji. Nimezitazama sana. Naona wamelirudisha gari kwa mmiliki wa kwanza.

Baba yangu alinunua Peugeot 404, nayo stesheni-wagoni, kutoka kwa mhasibu wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Gari hilo lilikuwa na sifa zake. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha ikachukua 1966, 1967 na 1968 mfululizo, na baba alizitaja tarehe hizo kama mtu anayetaja nasaba. Mimi niliona kitu kingine. Ubavuni palikuwa na jina la shamba lililopakwa rangi juu yake, na mvua ikinyesha herufi zilijitokeza tena, moja moja. Shuleni wenzangu walizisoma kwa sauti. Nilimwomba baba anishushe kabla ya kona. Hakuuliza kwa nini, na alinishusha.

Siku hizi nikiona HiAce ya daladala inapita na maandishi ya Kijapani ubavuni, hakuna anayejali hata kuyafuta. Ingekuwa hivyo wakati ule ningekaa hatua chache zaidi ndani ya gari na baba yangu.

Gari lile lilibeba machungwa ya Muheza, wagonjwa, maharusi, majeneza mawili ninayoyakumbuka, na mbuzi wasio na idadi. Halikuwa na keria. Baba alikunja gunia tupu, akalilaza juu ya paa, mzigo ukakaa juu ya gunia, kamba ya katani ikapita ndani ya madirisha na kufungwa. Pale kamba iliposugua, juu kidogo ya milango, rangi iliondoka mpaka bati likaonekana, mistari miwili kila upande. Kwenye mlango wa dereva palikuwa na sehemu laini iliyopauka, ya kiwiko. Hayo yote nilikuwa nayajua bila kujua kwamba nayajua, mpaka nilipokaa na Ford ya plastiki nikijiuliza nilichakaze wapi.

Maana kuchakaza ndiko kugumu. Kupaka ni kazi ya subira tu: rangi ya maziwa ya chai kwanza, ikikauka unapitisha kahawia kwa mswaki wa zamani uliokaushwa kwenye gazeti, kwa mkono mwepesi, na nywele za mswaki zinaacha mistari kama nyuzi za mti. Kwenye fremu niliongeza dawa ya viatu na kuifuta kwa kitambaa. Hapo nilijisifu. Lakini uchakavu hauji popote unapopenda. Nilipomwaga kutu na matope kila mahali gari likafanana na lililookotwa jalalani, na gari la jalalani si lile tulilolitaka. Niliosha nikaanza upya. Safari ya pili nilimfuata mtu: anashika wapi akifungua, kiwiko kinalala wapi, mchanga unamwagika wapi mlango wa nyuma ukishushwa.

Kisha nikaharibu kioo. Gundi ya maelekezo ilikuwa imeisha, nikatumia ile ya mara moja ya kubandika viatu. Mvuke wake ukatua kwenye kioo cha mbele, kikawa cheupe kama macho ya samaki wa juzi. Binti yetu, nilipompigia simu ya picha, akasema afadhali, kinafanana na chumvi ya bahari. Nikamwambia chumvi haikai hivyo. Hilo ni kosa, na sitalipa jina zuri. Nilikisugua kwa dawa ya meno jioni mbili. Kimerudi karibu chote, kona moja imekataa.

Ubao wa mawimbi nimeuchonga kutoka kipande cha kasha la matunda. Futi kumi kwa kipimo hiki ni sentimita 12 na ushei. Nimeutia pezi moja chini, lililokatwa kwenye kadi ya simu ya zamani, ile ya kukwangua. Wa kwanza umo ndani, ncha nje. Nikachonga wa pili ukae juu, nikachukua wembe kukwangua rangi ya paa mahali kamba ingepita, nikiiwinda ile mistari miwili ya Peugeot. Wembe ulikuwa umekwisha gusa nilipokumbuka kwamba Ford hii haikuwa na bati juu. Paa lake ni papi za mbao zilizofunikwa kitambaa kilichotiwa dawa. Hakuna bati la kuonekana. Kitambaa kikisuguliwa hupata weupe, basi nikasaga chaki kidogo na majivu, nikavipaka kwa ncha ya kidole, mistari miwili kila upande.

Kamba nimechomoa kwenye katani halisi, uzi mmoja mmoja. Fundo la baba limenishinda mara tatu, vidole vimekuwa vinene. Jana jirani alipita tena, akavuta kiti bila kukaribishwa, akashika ncha ya uzi kwa kucha ya kidole gumba nami nikapitisha ya pili. "Subiri," nikamwambia, "hatujaweka gunia." Nikakata kipande, sentimita mbili kwa tatu, nikakikunja, nikakilaza juu ya paa.