Nani Aliulipia Uaminifu wa Babu?

Katika misiba yetu kuna maneno ambayo hayakosekani kwenye wasifu wa marehemu: alikuwa mchapakazi na aliipenda familia yake. Yalisomwa pia tulipomzika babu yangu, fundi seremala aliyefanya kazi Keko, Dar es Salaam, kwa zaidi ya miaka 40. Hakuna aliyeyapinga, na hapakuwa na sababu ya kuyapinga. Hata hivyo, tangu siku hiyo najiuliza maneno hayo yanamsifu nani na yanamsahau nani. Je, bidii yenyewe ni wema? Na kama ndani yake kuna wema, ni wa yule tu ambaye mikono yake ilionekana ikifanya kazi?

Nianze na yasiyo na ubishi. Anayeijua Keko anajua vitanda na makabati yanavyopangwa kando ya barabara, harufu ya vanishi na kelele za mashine za kuranda. Babu alianza huko akiwa kijana wa kufagia maranda. Akapewa msasa, baadaye randa, mwishowe akaaminiwa patasi. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto 6. Baba yangu mpaka leo huhesabu ada zake za sekondari kwa samani: kidato cha kwanza kabati la nguo, kidato cha pili meza ya chakula na viti vyake, kidato cha tatu milango ya nyumba ya mtu aliyechelewa kulipa.

Hiyo ni bidii, na ninaishukuru, kwa sababu bila hiyo nisingekuwa hapa nikisoma falsafa katika shahada ya uzamili. Lakini bidii peke yake haitoshi kuitwa wema. Mwizi naye hukesha. Tapeli naye huamka mapema. Tena bidii nyingine si hiari. Babu aliendelea kuranda mbao akiwa amevuka miaka 70, na msibani tuliliita jambo hilo moyo wa kujituma. Jina lake jingine ni kukosa pensheni. Fundi aliyejiajiri mwenyewe hakuwa na mwajiri wa kumkatia michango, na siku aliyolala na homa ilikuwa siku isiyo na hela. Alikuwa pia na kikohozi ambacho sote tulikizoea kama tulivyoizoea sauti ya msumeno wake. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Sisemi ndilo lililomuua babu. Ninachosema ni kwamba tunapoubatiza ulazima jina la sifa, tunajiondolea mzigo wa kuuliza kwa nini mzee wa umri ule alikuwa bado amesimama kwenye vumbi.

Basi wema wake ulikuwa wapi? Mwanzoni mwa kitabu chake cha maadili, Aristotle anauliza kama inawezekana seremala na fundi wa ngozi wawe na kazi zao, halafu mwanadamu, kwa uanadamu wake, awe hana kazi yoyote. Jibu lake ni kwamba anayo: kuishi kwa kuongozwa na akili, na kuishi vizuri. Nikilisoma swali hilo namwona babu. Kuwa seremala mzuri ni jambo moja, kuwa mtu mwema ni jambo jingine, na mtu anaweza kulipata la kwanza akalikosa la pili. Kwa babu, nadhani mambo hayo mawili yalikutana mahali pamoja: kwenye mbao mbichi.

Mbao mbichi ikiungwa leo, husinyaa inapokauka. Viungo hulegea, mlango hupinda, kitanda huanza kulia. Ubaya ni kwamba mnunuzi hawezi kuliona hilo dukani. Vikishapakwa vanishi, kitanda cha mbao mbichi na cha mbao kavu ni mapacha. Tofauti hujitokeza baada ya miezi, fundi akiwa ameshakula hela yake. Babu hakuwa tayari kufanya hivyo. Alizipanga mbao kivulini, akaweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, akangoja. Mteja mwenye haraka ya harusi aliambiwa aende kwa fundi mwingine. Ninauona wema wake katika kungoja huko kuliko katika jasho lake lote.

Lakini mbao inayokauka ni fedha iliyolala. Katika miezi hiyo ya kungoja, watoto 6 walikula nini?

Walikula maandazi ya bibi. Aliamka saa kumi alfajiri, akakanda unga, akasukuma, akakaanga, na saa kumi na mbili alikuwa ameshaketi na ndoo yake kituo cha daladala. Faida ilinunua unga wa ugali na dagaa, na yaliyobaki yalikuwa chai ya watoto. Nilimuuliza siku moja, "Bibi, hukuwahi kumwambia aziunge tu hivyo hivyo?"

"Nilimwambia, mjukuu wangu. Akasema jina lake litaharibika. Nikamwambia sawa, jina ni lako, njaa ni yetu sote. Kisha nikaenda kuwasha jiko."

Sikusikia uchungu katika sauti yake, wala sitaki kumbebesha uchungu ambao hakuutaja. Lakini hesabu inabaki pale pale. Babu alikuwa na deni kwa mgeni aliyetaka kitanda kisichopinda, na alikuwa na deni kwa mtoto aliyetaka chakula cha jioni. Aliweza kulilipa la kwanza kwa sababu mtu mwingine alilibeba la pili. Uaminifu wake ulikuwa wa kweli. Haukuwa wake peke yake. Na kwenye wasifu tuliousoma, bibi alitokea mara moja tu, mwishoni: marehemu ameacha mjane, watoto na wajukuu. Alihesabiwa miongoni mwa vilivyoachwa.

Wazee watasema marehemu hasemwi. Nakubali, kama kusemwa ni kumvua nguo mtu asiyeweza kujitetea. Lakini kueleza wema wa mtu ulisimamia juu ya nini si kuupunguza. Anayemsifu babu kwa bidii tu anamfanya afanane na kila aliyewahi kuchoka. Anayesema alikataa kuuza mbao mbichi, na nani alimwezesha kukataa, ndiye anayemkumbuka yeye hasa.

Kizazi chetu hakijaliacha jambo hili, kimebadilisha neno tu. Mchapakazi wa jana ndiye mpambanaji wa leo. Tunasambaziana habari za kijana aliyeanza na mtaji wa shilingi 50,000 na sasa ana duka, na hatuulizi alikuwa akila kwa nani mwaka ule wa kwanza, wala nani alilala na mtoto wake mgonjwa. Tukizeeka, watoto wetu watatusomea wasifu ule ule, nasi tutakuwa tumewafundisha kuuandika.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika upya wa babu, ningeacha maneno yote kuhusu bidii. Ningeandika hivi: Hakuuza mbao mbichi. Mkewe aliuza maandazi ili asiziuze.