Nani Aipe Kompyuta Jina?

Biblia na Kurani zote zinamhusisha Adamu na majina, ila kila moja kwa namna yake. Katika Mwanzo, Adamu analetewa wanyama naye anawapa majina. Katika Surat al-Baqara, Mungu ndiye anayemfundisha majina yote. Plato naye, katika kitabu chake Cratylus, aliwakutanisha wabishi wawili: Hermogenes anaona jina ni mapatano ya watu tu, Cratylus anashikilia kwamba jina sahihi hufuata asili ya kinachotajwa.

Mafundi wa mitandao wamelazimika kuuamua ubishi huo kwa vitendo.

Katika miaka ya 1970, majina ya kompyuta za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, yalisajiliwa California, katika ofisi iliyoongozwa na Elizabeth Feinler. Yote yaliwekwa kwenye faili moja, ambayo kila kituo kilinakili. Mtandao ulipopanuka, faili hiyo ikaelemewa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo unaowagawia wengi kazi ya kutunza majina. Mwaka 1993 ikaja itifaki ya DHCP: kompyuta ikiwashwa, seva huikodishia anwani kwa muda, na huweza kuipa jina pia. Jina lililofuata anwani hiyo ni kama namba ya jezi: mchezaji akiondoka, mwingine huivaa.

Itifaki ya mDNS haihitaji hata seva. Kompyuta huwauliza majirani mara tatu, kila baada ya robo sekunde, kama jina inalolitaka lina mwenyewe. Likiwa naye, huchagua jingine, mara nyingi kwa kuongeza namba mwishoni. Hermogenes angefurahi.

Cratylus, hata hivyo, bado ana wafuasi. Vifaa vingi hujipa jina la mmiliki wake, kwa mfano “Simu ya Asha”, kisha hulitangaza kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya uwanja wa ndege. Jina linalosema kweli kuhusu mwenyewe hapo linamwezesha mgeni kumfuatilia Asha kila aendako. Kwa sababu hiyo, waraka wa kiufundi wa intaneti, RFC 7844 wa mwaka 2016, unashauri kifaa kinachotaka faragha kisiipe seva ya DHCP jina lake halisi. Kikilazimika kutaja jina, kitumie la kubahatisha. Mwaka uliofuata, RFC 8117 ikaitaja desturi yenyewe ya kuyatangaza majina ya vifaa kuwa yenye madhara.