Kati ya Leso na Sanda

Mtoto akizaliwa Likoni, kitambaa cha kwanza kumpokea aghalabu huwa ni leso. Tena si leso mpya. Mpya ina ugumu wa dukani, kwa hiyo bibi hufungua kabati akatoa ile kuukuu, iliyofuliwa miaka na miaka mpaka ikalainika. Na mtu akifariki, akiwa Mwislamu, huvishwa sanda: vipande vitatu kwa mwanamume, vitano kwa mwanamke, kitambaa cheupe ambacho kwa desturi yetu ni bafta, pamba isiyo na nakshi wala mfuko. Kati ya leso ile na sanda ile kuna miaka sitini, sabini, Mungu akijalia. Na sehemu kubwa ya miaka hiyo tunaishi ndani ya poliesta.

Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwa sababu kila mjadala wa nguo za nyuzi za asili ukianza, wengi wetu huona ni mambo ya watu wa Nyali wenye kiyoyozi na bustani. Pamba ya kilimo hai, kitani, katani, rangi za majani: maneno mazuri, lakini kwa bei ya fulana moja unavisha watoto watatu nguo za Idi. Basi tunacheka, tunapita. Ila tazama vizuri: pale penye mwili usioweza kulalamika, wa mtoto mchanga na wa maiti, tunachagua pamba bila kufundishwa na mtu. Ujuzi tunao, na ni wa zamani. Kwa hiyo swali ni zito kuliko mitindo. Ikiwa tunajua kilicho bora kwa mwili na kwa ardhi, je, tunakosea tunapovaa kingine? Na kama ni kosa, ni la nani?

Tuanze na hicho kingine. Poliesta ni plastiki, na plastiki hiyo hutokana na mafuta ya petroli. Mtu wa Changamwe hahitaji kuelezwa sana. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza pale 1963 na kikaacha kusafisha 2013, na matangi bado yanaonekana. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Ina sifa zake, tusiinyime haki: ni rahisi, hukauka upesi, haikunjamani. Lakini hainywi jasho. Ivae mwezi wa Machi, joto likipita nyuzi 30, ndani ya matatu iliyojaa kutoka Bombolulu, halafu uniambie. Ukiifua inatoa vinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho, na maji ya kufulia Mombasa mwisho wake ni bahari. Ukiitupa haiozi. Jaa la Mwakirunge liko huku huku Kisauni, na wanaoishi karibu nalo ni watu, si takwimu.

Sasa nenda Kongowea siku robota linapofunguliwa. Wanaowahi ni wenye mtaji na jicho kali: wanachukua kamera, nguo za daraja la kwanza, zikapigwe picha na kuuzwa tena mtandaoni. Jua likipanda, bei inashuka. Jioni kinachobaki ni fagia, rundo la shilingi hamsini, chagua mwenyewe. Mama aliyefika saa hiyo, na mia mbili mkononi na watoto wanne nyumbani, hasomi lebo. Anatazama kama zipu inafunga. Umwambie nini mama huyu kuhusu nyuzi za asili? Ukimwambia anaharibu bahari, umemtukana. Hakuchimba mafuta yale, hakufuma kitambaa, hakukivaa mara mbili kisha akakichoka kule Ulaya. Amekipokea mwishoni mwa safari, na anakipa maisha ya pili, ya tatu, mpaka kiwe tambara la kupigia deki. Kwa hesabu ya uharibifu, yeye ndiye mwenye deni dogo kuliko wote waliokigusa.

Hapa ndipo naweka kanuni yangu ya kwanza: lawama hufuata uwezo wa kuchagua. Asiye na hiari hana hatia. Nayo si kanuni ngeni. Dini zetu zote mbili kubwa hapa Pwani hazimtwishi mtu asichokiweza. Kwa hiyo wema unaonunuliwa kwa shilingi elfu nne dukani si wema wa kumringia aliye na mia mbili. Huenda ni chaguo zuri, na aliye nazo anunue, lakini asiite uwezo wake tabia njema.

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi: funga mitumba, fufua pamba yetu, tuvae vyetu. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 2019 Kenya iliingiza takriban tani 185,000 za mitumba, na nyuma ya tani hizo kuna wabebaji, wapiga pasi, mafundi wa kurekebisha na wauzaji. Mitumba ilipozuiwa 2020 kwa ajili ya korona, zuio la miezi michache tu, kilichoguswa mwanzo ni sufuria za watu. Miaka minne kabla ya hapo, marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kufunga soko lake la nguo lisilo na ushuru. Kenya, yenye viwanda vinavyoshona kwa ajili ya soko hilo, vingine hapa hapa Mombasa, ilijitoa mapema. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikapoteza nafasi hiyo kwa upande wa nguo. Yaani hata dola nzima, ikifika kwenye meza ya mitumba, huuliza bei kwanza.

Na tusidanganyike na neno "asili" pia. Karne ya 19 kitambaa kilichotamba pwani hii kiliitwa merikani. Kilikuwa pamba tupu, hakikupaushwa, kimefumwa katika viwanda vya Massachusetts, kikaja na meli za Salem hadi Zanzibar, kisha kikaingia bara na misafara mpaka kikatumika kama pesa. Nyuzi zake zilikuwa za asili asilimia mia. Lakini sehemu kubwa ya pamba ile ilichumwa na watumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani, na huku kwetu kitambaa hicho hicho kilitolewa kununulia pembe za ndovu na watu. Hakuna nguo iliyokuwa ya asili zaidi ya merikani, wala iliyobeba dhambi zaidi yake. Uzi hauna maadili. Maadili yako kwa mikono inayoupitisha.

Ndiyo maana pamba ya kilimo hai, ikifanywa kweli, ni zaidi ya kutotumia dawa. Wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu nchini Tanzania, mradi wa bioRe umekuwa ukifanya kazi na wakulima wadogo tangu 1994. Wanalima bila mbolea za viwandani wala viuatilifu vya kemikali, wanabadilisha mazao shambani, wanatumia samadi, na pamba yao hununuliwa kwa nyongeza juu ya bei ya soko. Maana yake mkulima hapulizi sumu huku watoto wakicheza kando, wala hakopi pesa za dawa kabla ya msimu. Ni habari njema. Ila mnunuzi ni kampuni ya Uswisi, na nguo zake huuzwa Ulaya. Mganga hajigangi: Afrika Mashariki inalima pamba safi kuliko zote, kisha inavaa fagia. Na fundi wa kiwanda Changamwe naye anashona suruali ya kusafirishwa, kisha jioni anapita sokoni kutafuta ya kuvaa.

Mpaka hapa unaweza kusema: basi yameisha, hatuna la kufanya, mfumo umetuzidi. Wengi huishia hapo, na ni mahali pazuri pa kupumzikia. Mimi sikubali, kwa sababu kanuni ile ile inayomwachilia mama wa Kongowea inatubana sisi kwingine. Ikiwa lawama hufuata uwezo wa kuchagua, tuulize kwa ukweli: ni wapi ambapo tunachagua?

Jibu langu ni sare.

Hebu fikiria ni mara ngapi kwa mwaka unavaa nguo uliyopangiwa na kikundi. Harusi ya binamu: kina mama arobaini, dera za rangi moja. Chama kinatimiza miaka mitano: fulana. Kwaya, madrasa, timu ya mtaa, mazishi ya mtu mkubwa: fulana, fulana, fulana. Shule nayo: sweta ya poliesta kwa mtoto wa Mtongwe anayetoka jasho kabla ya kengele ya kwanza, kama kwamba shule iko Limuru. Na mwaka 2027 utakuja na malori ya fulana za kampeni, nyepesi kama mfuko wa plastiki, zenye sura ya mheshimiwa kifuani, za kuvaliwa mkutano mmoja.

Hizi hazikutujia kwenye robota. Hizi tumeziagiza. Kuna mtu alikaa akachagua kitambaa, akauliza bei ya jumla, akakusanya pesa. Mbele ya meza ya mitumba mimi ni mtu mmoja na mia mbili yangu, na soko halinijui. Katika sare ni watu arobaini na elfu arobaini, na fundi anasubiri tumwambie tunataka nini. Uwezo wa kuchagua ambao hatuna mmoja mmoja, tunao tukiwa kundi, na tunautumia kuuliza rangi tu.

Najua pingamizi: pamba ni ghali zaidi, mtatuvunjia harusi. Kweli, mara nyingi ni ghali zaidi. Lakini sare ya poliesta inavaliwa siku moja kisha inalala kabatini kwa sababu haivaliki na joto hili. Igawanye bei yake kwa siku moja, halafu igawanye bei ya leso ya pamba kwa miaka kumi ya kujifunga jikoni, kubebea mtoto, kujifunika usiku. Tena leso tayari inajua kuwa sare. Huuzwa doti, vipande viwili, na kina mama wamekuwa wakigawana doti moja watu wawili tangu zamani ili mzigo uwe mwepesi. Wala huhitaji cheti kutoka Ulaya ili uanze.

Unahitaji tu kuwa macho, kwa sababu siku hizi hata leso nyingi ni poliesta. Kuna jaribio la fundi: chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti. Pamba huungua ikanuka kama karatasi, ikabaki jivu laini. Poliesta huyeyuka, ikajikunja kuwa punje ngumu nyeusi. Jaribio hilo halikuambii kama shamba lilipuliziwa sumu au mchumaji alilipwa haki yake. Hayo ni maswali ya pili na ya tatu. Lakini hayatafika kwa muuza vitambaa kama la kwanza halijaulizwa, na muuzaji huagiza kile anachoulizwa.

Sidai kwamba sare za pamba zitasafisha bahari ya Hindi. Madai yangu ni madogo: mtu hawezi kujificha nyuma ya umaskini wa soko mahali ambapo soko halikumlazimisha. Mama wa mia mbili tumwache na fagia yake, na heshima zote. Lakini ujumbe utakapoingia kwenye kundi la WhatsApp, picha ya dera, majina ya waliolipa, namba ya M-Pesa na maneno "mwisho Ijumaa", kuna nafasi ndogo kabla ya kutuma pesa. Andika swali moja hapo, mbele ya wote: ni kitambaa gani?