Ugeni Uliomo Ndani ya Ngoma za Ruvuma

Mjadala kuhusu wanamuziki wanaochanganya urithi wa jadi na mitindo ya mataifa mengine huendeshwa mara nyingi kana kwamba asili ilikuwa imetulia mahali pamoja, safi na kamili, mpaka ugeni ulipobisha hodi. Katika mwambao wa Mtwara, kuanzia mji mkongwe wa Mikindani hadi Msimbati, karibu na mahali ambapo Mto Ruvuma unaingia baharini, dhana hiyo ni vigumu kuitetea, kwa sababu ngoma za huko zimebeba ugeni ndani yake kwa vizazi vingi, na waliouingiza ni wenyeji wenyewe, tena kwa makusudi.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni midimu, jina ambalo Wamakonde wa upande wa Tanzania huwaita wachezaji wavaa vinyago wanaojitokeza katika sherehe za jando na unyago, yaani mafunzo yanayowavusha vijana wa kiume na wa kike kuingia utu uzima; ng'ambo ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, mchezo wa namna hiyo hujulikana kama mapiko. Mchezaji huvaa kichwa cha mti mwepesi kilichokombwa ndani mithili ya kofia, na mwili wake hufunikwa kwa nguo ili asitambulike ni mtoto wa nani. Kichwa hicho chaweza kuwa cha mwanamke mwenye ndonya, kile kipande cha mti kilichokuwa kikivaliwa kwenye mdomo wa juu. Lakini chaweza pia kuwa cha Mzungu mwenye masharubu, cha Mhindi au cha ofisa wa serikali ya Kireno. Mgeni aliyetoza kodi mchana alichongwa, akapewa miguu ya kijana wa kijijini, akachezeshwa kwa mapigo asiyoyajua. Ni nadra kupata uchanganyaji mkali kuliko huo, na haukuhitaji gitaa.

Vita Kuu ya Kwanza, ambayo mwaka 1917 iliwafikisha Wajerumani na askari wao Waafrika hadi Ruvuma wakauvuka, iliongeza kasi ya jambo lililokwisha kuanza. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, pamoja na sare, vyeo na gwaride lake, ilisambazwa na askari na wapagazi, na vyama vyake vya Marini na Arinoti vikafika hata bandari za kusini kama Lindi. Upande wa magharibi, katika vijiji vya Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda ni ndugu wa beni hiyo. Kwa kuwa tarumbeta za shaba hazikupatikana, mafundi walitoboa vibuyu wakaziba tundu moja kwa utando wa buibui, na mtu akiimba ndani ya kibuyu sauti yake hutoka ikitetema kama ya shaba. Mwanamuziki wa leo anayesifiwa kwa ubunifu wa kuoanisha mila na teknolojia angefanya vyema kukiangalia kibuyu hicho kwa heshima.

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipotangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, Rais Julius Nyerere alisikitikia vijana waliojua rumba na chachacha huku wakiwa hawazijui ngoma za kwao. Kundi la ngoma la taifa lililofuata liliifanya sindimba, ngoma ya Wamakonde inayosifika kwa uchezaji wa viuno, kuwa miongoni mwa ngoma mashuhuri kabisa za jukwaani. Hapa pana jambo ambalo watetezi wa asili hupenda kulipita haraka: hakuna kinanda wala gitaa lililoongezwa, na hata hivyo sindimba ilibadilika, kwani duara la kijijini, ambamo mtazamaji angeweza kugeuka mchezaji wakati wowote, lilifunguliwa likawa mistari inayowaelekea wageni waliokaa vitini, na ngoma ikatengwa na msimu wa jando uliokuwa ukiipa sababu ya kuchezwa. Kwa upande mwingine, bendi za dansi za Dar es Salaam, zilizojifunza gitaa kwa santuri za Kuba na Kongo, ndizo zilizoyachukua majina ya ngoma zikayatia katika mitindo yao: Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ilijulikana kwa mtindo wa Sikinde, na NUTA Jazz ya mwaka 1964 hatimaye ikawa Msondo Ngoma.

Kinachopotea, basi, kitafutwe kwingine. Kinganga ni ngoma ndogo yenye mguu mrefu uliochongoka, unaochomekwa ardhini, na hupigwa kwa fito nyembamba. Ngozi yake hupashwa kwa moto wa nyasi kavu hadi ikaze. Umande ukishuka hulegea, na mpigaji hulazimika kurudi motoni, hivyo sauti ya usiku wa manane haiwi ile ya magharibi, na wachezaji wanaijua tofauti hiyo kwa miguu yao. Studio humrekodi mpigaji kwa sekunde chache, kisha kompyuta huirudia sauti hiyo, ikiwa imekazwa vilevile, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kufanya hivyo si dhambi, maana wimbo wa dakika tatu una kazi yake, ila prodyuza aliyewahi kukesha penye moto ule huchagua sekunde zake tofauti na yule aliyeletewa sauti kwenye simu.

Rajab Abdul Kahali, mzaliwa wa mkoa wa Mtwara ajulikanaye kama Harmonize, anajiita Konde Boy, na lebo aliyoianzisha 2019 aliipa jina la Konde Music Worldwide. Albamu yake ya kwanza, Afro East ya mwaka 2020, iliwashirikisha wasanii wa Nigeria wakiwemo Burna Boy na Yemi Alade, na wapo wanaonung'unika kwamba Umakonde wake umeishia kwenye jina. Lawama hiyo ina ukweli, lakini inasahau kwamba Wamakonde walidhihakiwa kwa muda mrefu mijini, kwa chale zao na kwa kazi za ulinzi walizozifanya, na kwamba jina hilo kupigiwa kelele za shangwe uwanjani ni jambo ambalo tamasha la MaKuYa, linalozikutanisha mkoani Mtwara ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, lisingeweza kulifanya peke yake.

Hata hivyo jina halimlipi fundi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi kama kazi zinazolindwa, na anayezitumia kibiashara nje ya mazingira yake anatakiwa kuomba kibali. Kibali hicho huombwa kwenye mamlaka ya taifa. Mchongaji wa kinganga kule Tandahimba na wazee waliofundisha mapigo yake hubaki nje ya makubaliano, isipokuwa prodyuza ataamua mwenyewe kuyaandika majina yao kwenye wimbo na kuwalipa siku ileile ya kurekodi.