Fungueni Mlango wa Kwaya

Ndugu zangu wa Maretadu, nawauliza mbele za Mungu: nani alitupa ruhusa ya kumwacha kijana nje ya kwaya kwa sababu hana sare?

Maana ndivyo tunavyofanya. Kijana anasifiwa sauti, anakaribishwa mazoezini, kisha anasomewa michango: kitambaa, fundi, viatu, nauli ya mashindano. Yatima anayechunga ng'ombe wa watu atatoa wapi? Anarudi zake machungani. Binti aliyezaa akiwa mwanafunzi hafukuzwi, anatazamwa tu, na Jumapili inayofuata amekaa benchi la nyuma na mwanawe. Serikali yenyewe ilimfungulia mlango wa darasa mwaka 2021. Sisi wa madhabahuni tunangoja nini? Asiyeona naye anaambiwa asubiri, eti nyimbo ziko kwenye daftari.

Asubiri nini? Kwa miaka na miaka taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyejizungushia ngoma nyingi akazipiga zote peke yake. Nchi nzima ilimsikia. Muziki huingia kwa sikio, jamani! Mwimbieni mstari, aurudie, na baada ya muda mfupi yeye ndiye atakayewakumbusha wenye madaftari. Asiyesikia msogezeni kwenye ngoma. Aweke viganja pembeni mwa ngozi mwenzake akipiga, na mdundo utampanda mikononi mpaka kifuani. Mtauona usoni pake.

Wazee wetu wa Kiiraqw walijua kwamba hakuna wa kuachwa nje. Katika slufay, maombi yetu ya jadi, mzee hutamka, mkutano mzima huitikia, na hakuna anayeulizwa amevaa nini. Zaburi ya 150 nayo inataja baragumu, kinanda, matari, zeze na filimbi, lakini haitaji mchango wa sare hata mara moja.

Msiseme sisi ni maskini. Korogocho, Nairobi, kando ya jalala la Dandora, kuna watoto wanaopiga fidla na tarumbeta katika mradi wa Ghetto Classics ulioanza mwaka 2008. Ulianzia kwenye eneo la kanisa. Kanisa! Na sisi kinanda chetu tumekifunika kitambaa, tumekifungia ofisini, kinatoka Jumapili asubuhi na kurudi kifungoni kabla ya saa nane.

Wazee wa kanisa, toeni ufunguo. Kinanda kifunguliwe walau jioni moja kwa wiki kwa yeyote atakayekuja, wa dhehebu lolote, mwenye ada na asiye nayo. Walimu wa kwaya, imbeni mwaka huu mkiwa na nguo zenu za kawaida mpaka kila mmoja apate sare. Mafundi, wekeni mbao mbili juu ya ngazi za jukwaa ili mwenye kiti cha magurudumu apande. Nawe msomaji, unamjua kijana mmoja aliyeacha kuimba, na nyumbani kwao unapajua. Nenda kamlete.