Haki ya Kuagana

Kila Desemba, mabasi ya kwenda Moshi yanapojaa, wachungaji wa Dar es Salaam huletewa shauri lile lile. Mjane ana watoto wawili. Babu na bibi wa upande wa baba wanataka wajukuu waje nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi, walione kaburi la baba yao kihambani. Mama hana neno na Krismasi; anachoogopa ni Januari. Amesikia wakisema watoto ni wa ukoo, na anawajua watoto waliokwenda likizo wakaandikishwa shule huko huko. Basi anakataa. Wazee nao wanalia kwamba amewanyang'anya damu yao.

Wengi hukimbilia Amri ya Nne, kana kwamba kuwaheshimu wakwe ni kuwapa kila wanachodai. Lakini Luther, anapoieleza amri hiyo katika Katekisimo Kubwa, anawageukia wazazi pia: hawakupewa watoto ili wawatawale wapendavyo, bali wawalee kwa ajili ya Mungu. Ikiwa hata mzazi hammiliki mtoto, babu atammilikije?

Tusome Mwanzo 31. Yakobo, baada ya kumtumikia Labani miaka 20, anaondoka kwa siri na wake zake na watoto. Labani anapata habari siku ya tatu, anawafuata mwendo wa siku saba. Tumezoea kumhubiri kama mlaghai, na mlaghai alikuwa. Hata hivyo malalamiko yake ya kwanza ni ya haki: hakupewa nafasi ya kuwabusu walio wake. Mzee yeyote angelia hivyo. Baadaye anavuka mpaka, anadai kwamba mabinti ni wake, watoto ni wake, mifugo ni yake, na vyote avionavyo ni vyake. Kuomba kuagana na kudai umiliki vimetoka katika kinywa kimoja, siku moja. Ndiyo maana magomvi haya ni magumu: mama anasikia dai la pili tu, na wazee wanajisikia wametamka la kwanza tu.

Kwa maoni yangu, neno la mwisho kuhusu safari ni la mama. Ndiye anayeamka usiku mtoto akiwa na homa, na ujane haukumpunguzia umama. Lakini haki ya kuamua si ruhusa ya kuwaficha watoto. Bibi aliyembeba mjukuu mgongoni anastahili kuambiwa, kumwona na kuagana naye. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, si ya ukoo wala ya mama, na inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Je, tumewahi kumuuliza huyu wa miaka kumi kama anataka kwenda kwenye kaburi la baba yake?

Hofu ya mama haiponi kwa kuambiwa awe na imani. Yakobo naye alipokataa kumwachilia Benyamini aende Misri, Yuda hakumhubiria. Alijitoa mwenyewe kuwa mdhamini, adaiwe kijana. Babu anayewataka wajukuu aanzie hapo: atume nauli ya kwenda na kurudi, ataje tarehe mbele ya mzee wa kanisa, mama aongee na watoto kwa simu kila jioni. Na amwalike mama mwenyewe. Inashangaza jinsi mialiko hii inavyomsahau, kana kwamba alizikwa pamoja na mumewe.

Pale ambapo ukoo umekwisha kutamka kwamba watoto wakifika hawatarudi, mama asiwapeleke, na asionewe haya kanisani kwa hilo. Wazee waje mjini, wawaone wajukuu sebuleni kwa mama yao, wale pamoja, na mchungaji awepo ikilazimu.